Kahawa Ilipata Wakfu, Managu Je?

Nje kidogo ya mji wa Ruiru, katika shamba la Jacaranda, kuna kituo ambacho wakulima wa kahawa wa nchi za mbali wanakifahamu kuliko abiria wengi wanaopita karibu nacho kila asubuhi wakielekea Nairobi. Serikali ya kikoloni ilinunua shamba hilo miaka ya 1940 ili kahawa ichunguzwe pale. Mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, kazi hiyo ilikabidhiwa Wakfu wa Utafiti wa Kahawa, chombo ambacho gharama zake zililipwa kwa makato madogo kwenye malipo ya wakulima wenyewe. Wakulima hao hawakuwa wakitoa sadaka, walikuwa wakilinda riziki yao. Hata hivyo wakfu huo ulikuwa na vitu ambavyo mmea wowote unavihitaji ili ueleweke: fedha zinazoingia kila mwaka, ardhi ya kupandia, na watu wanaoruhusiwa kusubiri jibu kwa miaka kumi na zaidi. Mimea ya asili ya nchi hii, kuanzia mboga kama managu na terere hadi miti ya dawa kama muiri na muthiga, haijawahi kupata chombo cha namna hiyo. Nadhani hilo, kuliko upungufu wowote wa mimea yenyewe, ndilo lililoibakiza nyuma. Na nadhani Thika na Ruiru ndipo mahali pa kuanzisha wakfu wa hisani wa kuifadhili.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni kahawa yenyewe. Ugonjwa unaoozesha tunda changa la kahawa, ambao wakulima wanauita CBD, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua zilizidi, na ugonjwa ukasambaa katika mashamba ya nyanda za juu kiasi kwamba matawi yalibeba matunda meusi yaliyokauka badala ya mekundu. Mwaka 1971 wataalamu wa Ruiru walianza kuzalisha aina inayostahimili. Jibu la kwanza, Ruiru 11, lilitoka mwaka 1985. La pili, Batian, lililopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, lilitoka mwaka 2010. Yaani miaka 14 kwa jibu la kwanza, na karibu 40 kwa la pili. Katika muda huo watafiti walistaafu, wengine wakafariki, na vitabu vyao vya kumbukumbu vikaendelezwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa kazi ilipoanza. Ruzuku ya kawaida kutoka kwa mfadhili wa nje hudumu miaka mitatu, ikizidi sana mitano.

Namna mbegu ya Ruiru 11 inavyopatikana inaonyesha kwa nini kazi hii haiharakishwi. Ua la kahawa likiwa bado halijafunguka, jeupe na refu kama njiti ya kiberiti, mfanyakazi hulivua petali taratibu kwa vidole, na viungo vyake vya kiume hutoka pamoja nazo kwa sababu vimeshikana. Sehemu ya kike hubaki peke yake. Tawi hufunikwa mfuko ili nyuki na upepo visilete chavua ya mti usiotakiwa. Ua likiwa tayari, mfuko hufunguliwa, chavua ya mti uliochaguliwa hupakwa, kisha mfuko hurudishwa. Baada ya hapo ni kungoja tunda liive, miezi saba, minane au tisa. Kazi hiyo hurudiwa ua kwa ua, kwa sababu mbegu ya mkulima mwenyewe, iliyookotwa chini ya mti wake wa Ruiru 11, haitoi mtoto anayefanana na mama. Na uwezo wa kuhimili CBD ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa Rume Sudan, kahawa iliyokusanywa uwanda wa Boma, Sudan Kusini, ambako arabika humea yenyewe msituni. Kwa hiyo hata zao lililoingizwa kwetu na wageni liliokolewa na mmea wa mwituni wa Afrika Mashariki, ambao mtu aliona unafaa kuhifadhiwa kabla faida yake haijajulikana. Mmoja wa wazazi wawili wa arabika, kahawa ndogo ambayo wanasayansi wanaiita *Coffea eugenioides*, bado humea yenyewe katika misitu ya magharibi mwa Kenya.

Mfano wa kahawa una kasoro yake pia, na asiyeitazama ataunda wakfu utakaokufa mapema. Fedha za makato hupanda na kushuka na zao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilivuna tani takriban 130,000 za kahawa kwa mwaka. Miaka iliyofuata mavuno yalishuka hadi chini ya nusu ya hapo, na mapato ya utafiti hayakuwa na budi kushuka nayo. Mashamba makubwa ya Ruiru yalianza kuuzwa, na leo mji mpya wa Tatu City unasimama mahali palipokuwa na mibuni. Sheria ya mwaka 2013 iliunganisha taasisi za utafiti wa kilimo chini ya KALRO, na wakfu wa kahawa ukawa taasisi mojawapo ya serikali. Sisemi kwamba huo ulikuwa uamuzi mbaya. Ninachosema ni kwamba makato ya zao hayawezi kuitunza mimea ya asili, kwa sababu mingine kati ya hiyo haipiti kwenye kiwanda wala mnada wowote. Managu huuzwa kwa mafungu na mama mboga pembeni mwa barabara. Gome la muthiga hutoka msituni ndani ya gunia. Hapo huwezi kumkata mtu asilimia, na ungejaribu ungemwonea.

Tazama sasa ua wa shamba lolote kati ya Gatundu na Thika. Utaona mukima umepandwa mpakani, mikaratusi bondeni, na makadamia karibu na nyumba. Asili ya miti hiyo yote mitatu ni Australia. Makadamia ililetwa mwaka 1946 na Bob Harries, mlowezi aliyekuwa na shamba karibu na Thika. Baadaye kituo cha utafiti wa kilimo cha bustani cha Thika, kwa msaada wa Wajapani, kilipita katika mashamba ya wakulima kikichagua miti iliyozaa vizuri kuliko mingine. Ndiyo maana miche huuzwa kwa majina kama KRG-15, MRG-20 na EMB-1, herufi zikitaja Kirinyaga, Murang'a na Embu ambako miti mama ilipatikana. Leo Kenya imo katika orodha ya wazalishaji wakubwa wa makadamia duniani. Sina ugomvi na makadamia, imesomesha watoto wengi. Lakini ndiyo inayowajibu wale wanaosema kwamba miti ya kigeni ilishinda kwa ubora wake wa asili. Ilishinda kwa sababu ilifika pamoja na maarifa yaliyokwisha kulipiwa, kisha ikapata kituo cha kuyaongeza. Na Waaustralia hawakuishia kwenye miti ya biashara. Kwao upo wakfu wa hisani, Australian Flora Foundation, ambao kazi yake ni kutoa ruzuku ndogondogo kwa watafiti wa mimea ya asili ya nchi yao, ikiwamo ile isiyouzwa popote.

Huku kwetu mengi ya msingi bado hayajajibiwa. Orodha kamili ya mimea ya mwituni ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikamilika mwaka 2012, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 60 iliyoongozwa na bustani ya Kew ya Uingereza. Ilihesabu spishi 12,104. Hiyo ni orodha ya majina na maumbo tu. Namna ya kuotesha, kutunza na kutumia kila mmoja ni kazi nyingine. Chukua muiri, ambao gome lake huuzwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume, na ambao tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Mbegu yake haikubali kuwekwa ghalani kama mahindi, na ikicheleweshwa miezi michache haioti. Serikali ilipotangaza mwishoni mwa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, mwenye kitalu wa Juja alikuwa na sababu nzuri ya kujaza mikaratusi na mukima. Mbegu zake anazipata, anajua zitaota lini, na mteja hatamrudia akilalamika. Mwenye kitalu huyo hana haja ya kuhubiriwa uzalendo. Anahitaji mtu amwambie mbegu ya muiri ichumwe tunda likiwa na rangi gani, isafishwe vipi, na ipandwe baada ya siku ngapi. Sehemu ya maarifa hayo ipo tayari kwenye maktaba za watafiti, ila haijafika kitaluni.

Kwa managu kuna mwanga zaidi, na tunajua uliwashwa na nani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alianza kuzichunguza mboga za kienyeji mapema miaka ya 1990, wakati hata wataalamu wengi waliziita magugu, na baadaye akaendeleza kazi hiyo JKUAT, chuo kilicho Juja, katikati ya Thika na Ruiru. Mwaka 2014 alitunukiwa Nishani ya Edinburgh. Kutokana na kazi yake na ya wenzake, leo mkulima anaweza kuambiwa kwamba yale anayoyaita managu ni mimea zaidi ya mmoja. Upo wenye majani mapana na matunda ya zambarau inayokaribia weusi, na upo wenye majani madogo na matunda ya rangi ya chungwa, nayo hutofautiana kwa uchungu na kwa wingi wa majani. Anaweza pia kuambiwa kwamba akiyakata maua yanapochomoza, mmea huendelea kutoa majani kwa muda mrefu zaidi. Maswali yaliyobaki ni ya jikoni na ya sokoni. Maji ya kwanza yanayomwagwa ili kupunguza uchungu huondoka na virutubisho kiasi gani? Aina ipi huvumilia safari ya gunia kutoka Thika hadi soko la Wakulima, Nairobi, bila kunyauka? Kuanzia mwaka 2013 Ujerumani ilifadhili mradi wa HORTINLEA uliozishughulikia mboga hizi pamoja na vyuo vya Kenya. Ulifanya kazi ya maana, kisha muda wake ukaisha, kama inavyotokea kwa kila mradi.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba kazi hii ni ya serikali. Tunalipa kodi, KALRO ipo, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ipo Muguga, na hazina ya taifa ya mbegu nayo iko Muguga, kaunti hii hii ya Kiambu. Kwa nini raia achange tena? Pingamizi hili lina uzito, na sitaki wakfu wa hisani uwe kisingizio cha serikali kujivua wajibu. Ila angalia bajeti ya umma inavyofanya kazi. Hupangwa kwa mwaka, hupunguzwa katikati ya mwaka, na inapobana mishahara hulipwa kwanza huku kazi ya shambani ikisubiri. Taasisi ya serikali inaweza kuwa na mtafiti hodari, maabara na gari, ikakosa fedha ya dizeli wakati muiri unazaa. Mti haungoji mwaka mpya wa fedha. Nafasi ya wakfu ni hapo: kulipia dizeli hiyo, mwanafunzi wa uzamili, mifuko ya kitalu, na mwaka wa nne wa jaribio ambalo ruzuku yake ilikoma mwaka wa tatu. Mishahara na majengo yabaki mikononi mwa serikali.

Fedha zitatoka wapi, na zitakaaje? Majirani wameshajibu. Mwaka 1994 Uganda iliundiwa mfuko wa dhamana wa misitu ya Bwindi na Mgahinga kwa mtaji wa takriban dola milioni 4 kutoka mfuko wa mazingira wa dunia, GEF. Mtaji haukuguswa, uliwekezwa, na faida ikagawanywa kwa kanuni iliyoandikwa: asilimia 60 kwa jamii zinazoizunguka misitu hiyo, 20 kwa hifadhi, na 20 kwa utafiti na ufuatiliaji. Tanzania ilifuata mwaka 2001 na mfuko wa milima ya Tao la Mashariki, wenye makao Morogoro na mtaji wa dola milioni 7 wa GEF. Kwangu somo kubwa lipo katika kanuni kuliko katika ukubwa wa fedha. Mgao wa utafiti ukishaandikwa kwenye hati ya kuunda mfuko, hauhojiwi upya kila mwenyekiti anapobadilika.

Tuseme wakfu wa Thika na Ruiru unaanza na shilingi milioni 100, na tuseme hati fungani za serikali zinalipa asilimia 12 kwa mwaka huku bei zikipanda kwa asilimia 6. Faida ni milioni 12. Wadhamini wenye tamaa ya kuonekana watazigawa zote, na baada ya miaka 12 mtaji wao utakuwa umepoteza nusu ya uwezo wake wa kununua, ingawa kwenye karatasi bado unasomeka milioni 100. Wadhamini wenye akili watarudisha milioni 6 kwenye mtaji, watatumia moja kwa ukaguzi na katibu mmoja, kisha watatoa ruzuku kumi za laki tano tano. Ni fedha ndogo, hilo nakubali. Hazijengi maabara. Lakini kuchunguza mbegu za muiri hakuhitaji maabara mpya, kunahitaji mtu wa kurudi kwenye mti uleule mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Kuhusu milioni 100 zenyewe, wa kuombwa wapo: viwanda vya Thika, kampuni zinazouza viwanja palipokuwa na kahawa, sacco za wakulima, na waliosoma JKUAT. Sheria ya kodi ya mapato tayari inamruhusu mtoaji kuondoa mchango wa fedha kwenye mapato yake kabla ya kukokotoa kodi, mradi shirika analochangia limepewa msamaha na KRA.

Wasomaji wengine watakuwa wanasubiri neno wizi, na hawajakosea. Mashirika ya hisani yamewahi kuwa magari na semina. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kungoja hadi Mei 2024 ndipo ianze kutumika, inadai usajili na hesabu za kila mwaka. Sheria peke yake haitoshi. Dawa ninayoiamini ni udogo. Wakfu usiwe na gari, usimiliki jengo, na wadhamini wasilipwe. Wanaopima maombi ya ruzuku wawe kamati tofauti na wadhamini, na mwanakamati ambaye mwanafunzi wake ameomba atoke chumbani. Orodha ya waliopewa, kiasi walichopewa na walichokipata ibandikwe hadharani, pamoja na majaribio yaliyoshindwa. Mbegu iliyokataa kuota ni habari kwa mwenye kitalu, itamwepusha na hasara.

Wapo pia watakaosema kwamba nchi yenye watoto wanaolala njaa haina nafasi ya kuhangaikia magugu na magome. Nisingejibu kwa urefu. Terere, managu na sagaa huliwa katika nyumba hizo hizo, nazo humea kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya kupanga huko Githurai au Makongeni.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la umiliki. Vijidudu vilivyochukuliwa kwenye chemchemi za moto za Ziwa Bogoria vilikuja kuzaa vimeng'enya vya kufifisha rangi ya jinzi katika viwanda vya ng'ambo, na Kenya ikabaki ikidai fungu lake. Je, wakfu unaochapisha kila unachogundua haumfungulii mlango mgeni mwenye maabara kubwa zaidi? Unaweza kumfungulia, usipojipanga. Tangu mwaka 2006 Kenya ina kanuni zinazomtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na akubaliane na wenyeji kuhusu mgao wa faida. Nchi iliridhia Itifaki ya Nagoya mwaka 2014, na mwaka 2016 ikatunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Kazi ya wakfu ni kuyaingiza hayo kwenye mkataba wa kila ruzuku kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Sampuli iliyokaushwa ibaki kwenye hebaria ya Nairobi, mbegu iwekwe Muguga, na mganga au bibi aliyeonyesha mti atajwe akitaka, afichwe akitaka, na asipitwe katika malipo. Namna ya kuotesha na kulima itangazwe kwa kila mtu, kwa Kiswahili na Kikuyu. Matokeo yanayohusu dawa yapite kwanza kwa mwanasheria.

Kinachobaki ni viti vya mezani. Kwa kuwa makato yalitoka mifukoni mwao, wakulima wa kahawa waliweza kudai wawakilishi wao wasikilizwe Ruiru, na waliuliza maswali ambayo mwanasayansi hakuyafikiria, kama bei ya mche na idadi ya mara za kupuliza dawa. Wakfu wa mimea ya asili hautakuwa na wachangiaji wa namna hiyo, kwa hiyo viti hivyo lazima vitengwe kwa hati ya kuuunda. Kimoja kiwe cha mwenye kitalu, kimoja cha mkusanyaji wa dawa za mitishamba, na kimoja cha muuza mboga wa soko la Madaraka, Thika. Mikutano nayo ipangwe alasiri, maana asubuhi muuza mboga huyo yuko sokoni.